Bei ya Kununua Gari na Bei ya Kukaa Nalo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kati ya gari hili na lile, lipi litanimalizia fedha kidogo? Kwa anayeufungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi nilikaa miaka mingi kwenye kaunta ya gereji. Spana walishika mafundi, mimi nilishika mafaili. Kila gari lilikuwa na faili lake, na kila ankara iliingia humo, kuanzia oili ya kwanza mpaka siku gari linauzwa au linavutwa kwenda kukatwa spea. Faili nene la gari moja linakufundisha jambo ambalo muuzaji hakwambii: siku ya kununua unaonyeshwa bei moja tu, na hizo nyingine zote zimeshapangiwa kilomita zake.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua pia kwamba nahesabu kwa lita. Ukigawa bei ya kitu chochote cha gari kwa bei ya lita moja ya petroli ya kwenu, unapata hesabu inayoeleweka popote. Betri inayogharimu fedha ya lita 60 naiita betri ya lita 60. Majibu ya hapa chini yanatumia kipimo hicho.

Fedha ileile, magari mawili

*"Shikamoo Mama. Nina mke na watoto watatu. Fedha niliyonayo inatosha gari dogo la injini ya 1.3 lenye miaka 3, au SUV kubwa ya petroli, injini ya 3.5 yenye silinda 6, miaka 10 lakini imetunzwa vizuri. Natembea kama kilomita 15,000 kwa mwaka na nataka kukaa na gari miaka 5. Mke wangu anasema dogo. Mimi roho yangu iko kwenye kubwa. Tuamulie."*

Marahaba, mwanangu. Naanza na upande wako, maana una hoja moja ya kweli. Gharama kubwa kuliko zote kwenye magari mengi haina ankara: ni kushuka kwa thamani. Gari jipya kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya bei yake katika miaka 5 ya kwanza, na mwaka wa kwanza ndio mkali zaidi. Hilo dogo la miaka 3 bado liko kwenye mteremko. SUV ya miaka 10 ilishateremka zamani, mwenye gari wa kwanza ndiye aliyelipia, na kwa miaka 5 ijayo inaweza kupungua bei kidogo kuliko dogo. Hapo umepata pointi.

Sasa tuje kwenye mafuta. Miaka 5 kwa kilomita 15,000 ni kilomita 75,000. Dogo likitembea kilomita 15 kwa lita, litakunywa lita 5,000. SUV ikitembea kilomita 8 kwa lita, na injini ya 3.5 mjini haitakupa zaidi ya hapo kirahisi, itakunywa lita 9,375. Tofauti ni lita 4,375. Chukua bei ya gari unayotaka kulipa, igawe kwa bei ya lita, kisha uone lita 4,375 ni sehemu gani ya bei hiyo. Wengi wakifanya hesabu hii kwa karatasi hunyamaza.

Na si mafuta peke yake. Nakukumbusha plagi, maana ni kitu kidogo ambacho nimekitazama sana kwenye ankara. Dogo lina plagi 4, zimekaa juu, fundi anazifikia kwa muda mfupi. Injini ya silinda 6 iliyolazwa kwa upana ina plagi 3 mbele na 3 nyuma, na zile za nyuma mara nyingi zimefunikwa na manifoldi ya hewa. Ili kuzifikia, manifoldi inafunguliwa, gasketi zake zinabadilishwa, kisha inafungwa tena. Plagi ni zilezile kama za mwenzio, lakini ufundi unalipa mara tatu. Ndivyo ilivyo kwa gari kubwa kwenye kila kipengele: oili karibu lita 6 badala ya 3 na ushee, tairi pana, disiki nzito za breki, shokapu za kubeba tani mbili.

Halafu kuna umri. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Bushi, hosi za rejeta, sili za injini na za gia boksi, mipira ya kushikilia injini, vyote hivyo vikifika miaka 10 hadi 15 huanza kuachia kimoja baada ya kingine. Gari linaweza kuwa limetunzwa na daktari, bushi zake zitafika mwisho wao vilevile. Miaka 5 yako wewe ndiyo hiyo ya 10 hadi 15.

Mkeo anahesabu vizuri. Ila watoto watatu wakikua hawataenea kiti cha nyuma cha gari dogo, na kuuza baada ya miaka 2 ili ununue kubwa zaidi ni hasara nyingine, kwa sababu kila mauzo yana gharama zake: kubadilisha umiliki, bima mpya, na bei unayopunguziwa kwa haraka. Tafuta gari la tatu ambalo hamkuliweka mezani: steshenwagoni au gari la familia la 1.8, miaka 5 au 6. Limeshapita mteremko mkali, mpira wake bado mzima, na linaenea.

Nani anaokoa zaidi?

*"Mama, mimi na kaka tunabishana. Yeye ataacha pikapu ya kilomita 8 kwa lita achukue ya kilomita 10. Mimi nataka kuacha gari langu la kilomita 16 kwa lita nichukue la 20. Mimi naongeza 4, yeye anaongeza 2. Si mimi ninayeokoa zaidi?"*

Ni kaka yako, tena mara mbili yako. Kwa kilomita 15,000, pikapu ya 8 inakunywa lita 1,875 na ya 10 lita 1,500. Anaokoa 375. Gari la 16 linakunywa karibu lita 938 na la 20 lita 750. Unaokoa 188.

Macho yanadanganyika kwa sababu tunahesabu kilomita kwa lita, wakati tunacholipa ni lita kwa kilomita. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliandika kuhusu kosa hili katika jarida la *Science*, wakieleza namna watu wanavyopotoka wanapolinganisha magari kwa maili kwa galoni. Badilisha kila gari liwe lita kwa kilomita 100 kabla ya kubishana. Pikapu: 12.5 na 10. Lako: 6.25 na 5. Kama kuna gari moja tu la kubadilisha nyumbani mwenu mwaka huu, liwe la kaka.

Hofu ya betri

*"Shikamoo. Naendesha kilomita 40 kwa siku, foleni tupu, kwa mwaka kama 12,000. Nimepata Toyota Prius ya 2012, haibridi ya petroli na umeme, na sedani ya petroli ya 1.5 ya mwaka huohuo kwa bei zinazokaribiana. Kila ninayemuuliza ananiambia haibridi ni bomu, betri ikifa umekwisha. Ni kweli?"*

Marahaba. Betri ikifa unalipa, na kiasi cha kulipa kinajulikana kabla hujanunua. Kwa hiyo tukihesabu.

Kwenye foleni sedani ya 1.5 tuseme inakupa kilomita 12 kwa lita: lita 1,000 kwa mwaka. Prius kwenye foleni hiyohiyo, tuseme 20: lita 600. Tofauti lita 400 kila mwaka. Sasa ulizia bei ya betri kamili pamoja na ufundi, uigawe kwa bei ya lita. Ikitoka 1,200, basi miaka 3 ya foleni imelipa betri nzima. Ikitoka 2,400, ni miaka 6, na hapo unatakiwa ufikiri zaidi. Anayekwambia ni bomu muulize namba hiyo. Ukiona hana, hofu yake haina kipimo.

Prius ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1997, kwa hiyo teknolojia hii si ya kubahatisha tena, na namna inavyozeeka inafahamika. Betri ya kizazi cha pili na cha tatu imeundwa kwa vipande 28, kila kimoja kikiwa na seli 6. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni kipande kimoja au viwili. Kompyuta ya gari huzisoma jozi 14 za vipande hivyo, na jozi moja ikianguka kuliko wenzake, taa inawaka kwenye dashibodi. Kuna mafundi watakaokubadilishia kipande kimoja. Gari litawaka na utafurahi. Lakini vile 27 vilivyobaki ni vya umri uleule, vimepikwa na joto lilelile, na baada ya miezi kadhaa unarudi. Ukifika huko, nunua betri nzima.

Adui wa betri hiyo ni joto, na hapa kuna kitu cha kutazama kwa macho yako mwenyewe siku ya kukagua. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna kidirisha chenye matundu. Ndiko feni ya betri inakovuta hewa. Kifungue. Kama ndani kuna vumbi lililoshikana na nywele na nyuzi za kitambaa, kama blanketi, betri hiyo imekuwa ikipumua kwa shida, na aliyekuwa nalo hakujua au hakujali. Kisha fundi mwenye kifaa cha kusoma aziangalie zile jozi 14 gari likiwa linakanyagwa, si likiwa limesimama. Namba zikiachana sana, punguza bei ya betri kwenye bei ya gari, au ondoka.

Kuna upande mwingine wa hesabu unaosahauliwa. Prius haina stata wala alteneta. Haina klachi ya kuisha. Gia boksi yake haina mkanda kama zile otomatiki za CVT, ni meno ya gia yaliyozungukana. Breki pedi hudumu sana kwa sababu mota inapunguza mwendo kabla pedi hazijagusa disiki. Hivyo vyote, kwenye sedani ya miaka 14, ni ankara.

Angalizo moja kwa kizazi hicho cha tatu, kilichoanza 2009: njia ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, hujaa masizi, na yakiachwa bila kusafishwa yanaweza kuishia kuunguza gasketi ya hedi. Gari likiwashwa asubuhi likitikisika kwa sekunde chache kisha likatulia, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, hilo usilichukue kwa bei yoyote.

Kwa foleni yako na kilomita zako, ikiwa betri inasomeka vizuri, ningechukua Prius. Ungekuwa unaendesha kilomita 5,000 kwa mwaka, tena barabara kuu, ningekwambia sedani bila kusita.

Nitengeneze au niuze?

*"Mama, heshima yako. Nina hachibeki ya turbo, imefika kilomita 176,000. Fundi anasema mkanda wa taimingi, pampu ya maji, shokapu za mbele na bushi. Jumla inafika karibu theluthi ya bei ambayo ningeuzia gari. Mwaka jana nilishaweka tairi na rejeta. Rafiki zangu wanasema niliuze haraka kabla halijanimaliza. Nimechoka."*

Pole sana, mwanangu. Uchovu huo naujua, nilikuwa naona watu wakisimama mbele yangu na ankara mkononi hawasemi kitu.

Kwanza, weka pembeni tairi na rejeta za mwaka jana. Fedha hiyo imeshatoka, hairudi ukiuza wala ukibaki nalo. Swali lililo mbele yako ni moja: kwa miaka 2 ijayo, kuwa na gari hili kutakugharimu kiasi gani, na kuwa na lile jingine kutakugharimu kiasi gani?

Watu wana kanuni ya mdomoni kwamba matengenezo yakifika nusu ya bei ya gari, uza. Siikubali. Inalinganisha vitu visivyohusiana. Bei ya soko ya gari lako inashuka kwa sababu ya umri, lakini kazi linayokufanyia haijashuka. Likikupeleka kazini mwaka mzima bila kukuangusha, kazi hiyo ina thamani ileile ya gari la bei mara tatu.

Tazama orodha yenyewe. Mkanda wa taimingi ni kitu cha ratiba. Watengenezaji wengi wanauwekea kilomita zipatazo 100,000, wengine 90,000, wengine 150,000 na zaidi, pamoja na ukomo wa miaka. Ukikatika kwenye injini nyingi za kisasa valvu zinagonga pistoni, na hapo hutengenezi, unanunua injini. Kwa hiyo kilomita 176,000 si gari kuharibika, ni gari kufika kituo chake cha pili. Pampu ya maji inabadilishwa humohumo kwa sababu ufundi wa kuifikia ni uleule, na fundi wako ameshauri vizuri. Shokapu na bushi ukizibadilisha, hazitakudai tena kwa muda mrefu. Hakuna hata kimoja hapo kinachosema gari linakufa.

Ukiuza leo, mnunuzi mwenye fundi mzuri atakukata bei ya mkanda. Umelipa mkanda bila kuutumia. Kisha unaenda kununua gari la mtu mwingine, huna faili lake, na huenda naye anauza kwa sababu ameambiwa habari ya mkanda. Nimeona magari mawili yakibadilishana wenyewe namna hii na gereji ikawafungia wote wawili mikanda.

Ninachokuomba ni upime vitu vitatu kabla hujalipa. Jaza oili mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena. Ikipungua karibu lita nzima, injini inakula oili, na hilo ni jambo kubwa. Pili, gia boksi: ikitetemeka wakati wa kuondoka au ikichelewa kushika, ulizia gharama yake kabla ya mkanda. Tatu, lipandishwe juu mtazame kutu kwenye chesisi na sehemu za kushikilia sasipensheni. Vitatu vikiwa salama, tengeneza na ukae nalo. Kimoja kikiwa kibaya, uza kabla ya kutengeneza chochote, na umwambie mnunuzi ukweli.

Jambo jingine, na hili ni kwa kila mwenye injini ndogo ya turbo ya Ulaya. Muulize fundi kama mkanda wako ni mkavu au unazunguka ndani ya oili. Injini kama 1.0 EcoBoost ya Ford na 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën zilitoka na mkanda wa ndani ya oili. Mkanda ukianza kumeguka, vipande vyake vinaziba chujio la pampu ya oili, na injini inaanza kukauka wakati wewe unaona kila kitu kiko sawa. Mwaka 2024 Stellantis, kampuni mama ya Peugeot na Citroën, ilirefusha udhamini wa injini za PureTech barani Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Ukiwa na injini ya aina hiyo, oili ni ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si inayofanana nayo, na ibadilishwe mapema.

Jipya kwa mkopo

*"Nimeajiriwa, mkopo naupata kirahisi. Si afadhali nichukue gari jipya lenye udhamini, nilipe taratibu miaka 5, kuliko kununua lililotumika kwa fedha taslimu nikaanza kuhangaika na mafundi?"*

Udhamini una thamani, siupuuzi. Lakini soma mkataba mstari wa riba. Asilimia 10 inayopigwa juu ya deni lililobaki ni kitu kimoja, na asilimia 10 inayopigwa kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo ni kitu kingine kabisa. Tuseme gari ni 100. Kwa njia ya kwanza, ukilipa kila mwezi kwa miaka 5, jumla utalipa kama 127. Kwa njia ya pili utalipa 150, na riba yako halisi ni karibu asilimia 17. Benki mbili zinaweza kukutajia namba ileile ya 10.

Baada ya miaka hiyo 5 gari lina thamani ya kama 50. Kwa mkopo wa pili umetoa 150 umebakiwa na 50: umepoteza 100 kabla ya tone la mafuta. Aliyenunua lenye miaka 4 kwa 55 taslimu, akaliuza baada ya miaka 5 kwa 28, amepoteza 27. Tofauti ya 73 ni fedha ya mafundi nyingi sana, huwezi kuimaliza kwenye gari zima lililokaguliwa. Na mkopo mara nyingi unakulazimisha bima kubwa kwa miaka yote, wakati mwenye gari la zamani anaweza kuchagua.

Kama moyo umeng'ang'ania jipya, basi kaa nalo miaka 10 au 12. Mtu anayenunua jipya na kuliuza kila baada ya miaka 3 analipia kile kipande kikali cha mteremko tena na tena.

Dizeli kwa safari fupi

*"Nyumbani hadi kazini ni kilomita 4. Nimependa SUV ya dizeli ya 2016, inatumia mafuta kidogo. Kuna ubaya?"*

Upo. Chujio la masizi kwenye eksozi ya dizeli za kisasa hujisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la kama nyuzi 600, na injini inahitaji mwendo mrefu kufika huko. Kilomita 4 hazifiki. Chujio litaziba, dizeli itachuruzika kwenye oili, na fedha uliyookoa kwenye mafuta itaishia humo pamoja na kwenye nozeli. Chukua petroli.

Umeme

*"Shikamoo Mama. Nina gari la petroli linalotumia lita 7 kwa kilomita 100. Nyumbani nina umeme wa uhakika na sehemu ya kuegesha. Kuna gari la umeme, Nissan Leaf ya zamani, ile ya betri ya uniti 24, linauzwa bei ya chini ajabu. Ninafanya kilomita 35 kwa siku. Nidake?"*

Marahaba. Hesabu ya nishati ni rahisi. Gari la umeme la ukubwa huo linatumia kama uniti 16 kwa kilomita 100, na kwa sababu sehemu ya umeme inapotea wakati wa kuchaji, ukutani utalipia kama 18. Wewe unalipia lita 7. Gawa 18 kwa 7 unapata 2.6 hivi. Kama lita moja ya petroli kwenu inauzwa zaidi ya bei ya uniti 2.6 za umeme, Leaf inashinda kwenye nishati, na kadiri pengo linavyopanuka ndivyo inavyoshinda zaidi. Angalizo ni kwamba hesabu hiyo ni ya umeme wa nyumbani. Chaja za haraka za kulipia zinaweza kuibadilisha kabisa.

Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, mkanda hakuna. Kinachobaki ni tairi, shokapu, bushi, mafuta ya breki kila baada ya miaka 2 hivi, na betri ndogo ya volti 12.

Kuhusu bei ya chini, sababu yake iko kwenye dashibodi. Leaf ina vijiti 12 vidogo vya uwezo wa betri, pembeni ya vile vya chaji, na watu wengi huvichanganya. Kijiti cha kwanza kinapopotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Betri hiyo haipozwi kwa maji wala feni, kwa hiyo magari yaliyoishi kwenye joto kali yamezeeka haraka. Toleo la 2011 lilipimwa Marekani kuwa na kilomita 117 kwa chaji moja likiwa jipya. Likibaki na asilimia 70, hiyo ni kama kilomita 82, na AC ikiwa imewashwa punguza tena.

Kwa kilomita 35 zako bado linatosha, na litatosha miaka kadhaa. Kwa hiyo ikiwa vijiti vimebaki 9 au zaidi, na ikiwa kuna gari jingine nyumbani kwa safari ndefu, lidake. Lakini lihesabu kama gari ambalo hutaliuza. Yaani bei unayolipa leo igawe kwa miaka unayodhani litakufaa, bila kuweka chochote cha kurudishiwa mwishoni. Hesabu ikikubali hivyo, iko salama.

Tairi mbili au nne

*"Gari langu ni Subaru, linavuta tairi zote nne. Mbili zimepasuka kwenye shimo, nyingine mbili zimeshatumika nusu. Fundi anasema niweke mbili tu mpya. Yuko sawa?"*

Kwa gari la kuvuta mbele tu angekuwa sawa. Kwa lako hapana. Tairi mpya ina mzingo mkubwa kuliko iliyolika, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti muda wote, na kinachobeba tofauti hiyo ni mfumo wa kati wa kugawa nguvu, ambao bei yake ni tairi nyingi sana. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Nusu ya tairi inazidi hapo. Nunua nne, au tafuta mbili zilizolika sawasawa na zako, chapa moja, na usome namba 4 za mwisho za DOT ubavuni: 2321 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Hii ndiyo sababu kila anayeniuliza kuhusu magari ya kuvuta tairi zote namwambia aweke bajeti ya tairi kwa nne, hata ikiwa iliyopasuka ni moja.